Mkunga wa Dirishani

Mkunga wetu wa Nakwa alikuwa na tabia ya kunusa mikono ya watu. Ukitaka kuingia chumba ambacho mwanamke anajifungua, hata kama wewe ndiwe mama mzazi wa huyo mwanamke, ulisimama mlangoni ukanyoosha mikono kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, naye akainama akainusa. Ikinuka moshi, sawa. Ikinuka majivu, sawa zaidi, kwa sababu miaka ile sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa, na sisi tulinawa kwa majivu na majani ya mpapai. Ikinuka ugoro au ng'ombe, ulirudishwa nje. Alimrudisha nje hata mke wa mwenyekiti wa kijiji, tena mbele za watu, na yule mama alikaa uani akilia kwa hasira mpaka mjukuu wake alipozaliwa.

Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mzee wa kanisa, akiimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko walioimba ya kwanza, lakini hata kanisani aliitwa Mkunga, basi. Habari za alikozaliwa na nani alimzaa nani waulizwe ndugu zake. Mimi ni mtu wa Singida, nililetwa Nakwa na ndoa, na nilimkuta tayari anatembea na kile kikapu chenye wembe, uzi, na kanga iliyochemshwa mpaka maua yake yakapotea. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiwiko badala ya kiganja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kiganja ni cha kazi.

Watu wakimsimulia siku hizi husema hakuwa mwoga. Si kweli. Aliwaogopa viboko wa ziwani kupita kiasi. Akiitwa kwenda Nangara asubuhi na mapema, wakati viboko bado wanatoka kwenye mashamba ya watu kurudi majini, alikwenda akisema kwa sauti njia nzima, "Ni mimi Mkunga, naenda kazini, nipisheni," na waliolala kando ya njia ile waliamka wakijua kuna mtu anazaliwa. Ila akishafika kwa mzazi, uoga haukuruhusiwa. Alikuwa na neno lake, "Uoga nimeuacha nyumbani, na wewe wako uache hapo nje." Alilisema kwa hasira kidogo, na ukweli ni kwamba lilisaidia, kwa sababu mtu hawezi kumwogopa Mkunga na kuogopa kufa kwa wakati mmoja.

Hirizi aliichukia. Akimkuta mtoto mchanga amefungwa kitu shingoni alikikata kwa wembe uleule wa kitovu na kukitupa jikoni motoni, huku bibi wa mtoto akipiga kelele. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na jambo moja ambalo hakulikata kwa wembe wala kwa Biblia. Wambulu, watu wa mume wangu, wanaliita metimani. Kikitokea kifo cha namna fulani, hasa cha mtoto, au cha mwanamke katika uzazi, walioguswa na kifo hicho wanatengwa kwa muda. Wanakuwa na kikombe chao na njia yao ya kwenda kuchota maji, hawapeani mikono na mtu, na zaidi ya yote hawamkaribii mwenye mimba. Sio kwamba wamechukiwa. Wamebeba kitu, na kitu hicho kinaweza kushuka kwa mwingine. Muda ukiisha, mzee wa nyumba anakumwagia maji mikononi juu ya beseni na kusema, "Umekwisha," na kesho yake unakopesha na kukopeshwa chumvi na jirani kama kawaida.

Haya sikuyasoma mahali. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa kubwa, na yeye ndiye aliyempokea yule mtoto asiyelia, akamvika, akamzika. Mimi nikawekwa metimani, naye pia, kwa kuwa alimshika. Mimi na ulokole wangu wa Singida nilikasirika sana. Lakini katika zile wiki ambazo wanawake wa Nakwa walinisalimia kutoka barabarani, ni Mkunga peke yake aliyekuja kukaa nami, maana waliotengwa wanaruhusiwa kukaa pamoja. Tulichambua maharage. Tulikunywa uji wa unga wa njano wa msaada, bila sukari, kila mtu na kikombe chake cha kutengwa. Alinifundisha kusuka vikapu, nami nikashindwa, akacheka kwa kiwiko. Siku ya kumaliza, baba mkwe wangu alitumwagia maji kwa zamu. Mkunga alitikisa mikono ikakauka, akanishika shavu na kusema, "Sasa nenda kazae."

Ndiyo maana nilipopata mimba tena sikuwaza zahanati. Zahanati yetu ilikuwa na nesi na mzani tu. Glovu hakuna, spiriti hakuna, na nesi mwenyewe alikuwa kwenye semina mara kwa mara. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na gari ukilipata lilikuwa halina petroli. Nilimwaza Mkunga tu. Nilikuwa naogopa usiku na mchana, mtoto akicheza kidogo naogopa, asipocheza naogopa, na kila nikishikwa na hofu nilijiambia kwamba Mkunga yupo.

Katikati ya mimba hiyo akaenda Ulaya.

Kulikuwa na usharika wa huko wenye urafiki na kanisa letu, nao waliomba wageni waje kuwatembelea. Akachaguliwa mchungaji, akachaguliwa mwalimu wa kwaya, na wanawake wakamchagua Mkunga bila hata kupiga kura. Nakwa nzima ilimvisha. Koti la sufu lilikuwa la marehemu mume wa Mama Safari, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na lilimfika vifundoni. Viatu ni vya mke wa mchungaji. Jina la mji aliokwenda hakuwahi kulitamka mara mbili kwa namna moja, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni mji gani, ila ulikuwa mkubwa na una mto katikati.

Aliporudi tulimpokea kwa vigelegele pale kanisani. Alikuwa na sanduku limejaa: sabuni, nguo za watoto, glovu za mpira kwenye boksi, vitu ambavyo tulikuwa tumesahau rangi zake. Akaliweka sanduku chini, akalifungua, akarudi nyuma. Mama Safari alimkimbilia kumkumbatia. Mkunga akarudi nyuma tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta, akasema, "Chukueni. Gawaneni. Mimi nisiguse."

Wakasema Ulaya imempanda kichwani. Watu wetu ni wepesi wa kuhukumu. Walisema amezoea sahani za kioo, sasa anaona kinyaa mikono yetu ya majivu. Akasimulia kanisani habari za ngazi zinazopanda zenyewe na mbwa waliovikwa makoti, tukacheka, lakini alisimama mbali na kipaza sauti ambacho wengine wangekishika. Wiki ileile mwanamke mmoja wa Nangara alishikwa na uchungu, wakaja kumwita. Hakwenda. Alimpa aliyetumwa kikapu chake chote, na wembe na uzi, akamwambia wakatafute mtu mwingine.

Nilikwenda kwake kesho yake. Tumbo lilikuwa limeshanitangulia. Kabla sijafika kwenye ua wake wa minyaa aliniona akapiga kelele.

"Simama hapohapo, mwanangu!"

"Shikamoo."

"Marahaba. Usivuke hiyo minyaa."

"Nimekukosea nini, Mkunga?"

"Hujanikosea. Mtoto anacheza?"

"Anacheza. Nani atanizalisha?"

Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, mimi nikakaa juu ya jiwe upande wa pili wa minyaa, naye akanisimulia huku ng'ombe akisikika nyuma ya nyumba.

Wenyeji wao waliwapeleka kwenye nyumba ya picha. Ni nyumba kubwa kuliko kanisa, alisema, ukitoka chumba unaingia chumba, na sakafu inateleza mpaka akatembea kama mtu anayevuka tope. Kuta zote picha. Alimwona mzee mwenye ndevu anamtazama kutoka ukutani, akajikuta amempa shikamoo, na mwalimu wa kwaya akacheka mpaka akakohoa. Waliona wafalme, waliona wanawake wanene wasio na nguo, mchungaji akawa anatazama dari. Waliona kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye sinia. Hicho hakikumsumbua, kwani alikijua kutoka kwenye Biblia.

"Halafu tukaingia chumba kidogo," alisema. "Wenzangu walikuwa mbele. Na mimi nikamkuta."

"Nani?"

"Msichana. Yuko kitandani. Picha kubwa, mwanangu, imetundikwa chini, yuko sawa na mimi hivi. Kuna beseni sakafuni. Kuna wanawake wanampa mgongo, wameshika kitu kwenye nguo, wanakitazama hicho, hakuna anayemtazama yeye. Mkono umening'inia. Mimi sihitaji kuambiwa. Amefia uzazi. Nimeiona ile rangi ya midomo kwa macho yangu, hapa Nakwa na kule Dareda, na nakwambia mtu hawezi kuibuni rangi ile. Aliyemchora alikuwepo. Na macho yako wazi."

Nilitaka aishie hapo, sikutaka kusikia zaidi nikiwa na tumbo lile, lakini miguu haikuinuka.

"Hakuna aliyemfumba macho," alisema. "Watu wanapita. Mama mmoja anamlisha mtoto biskuti palepale. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ni kazi yangu, nimefumba wangapi? Nikamfumba. Nikagusa hivi, na hivi. Ni baridi, na inakwaruza."

Kengele ikalia. Mlinzi akaja mbio akipiga kelele kwa lugha yake, akamshika bega, na watu wakajaa mlangoni. Wakampeleka ofisini. Akaja mzee mwenye miwani akaenda kuimulika picha kwa taa, akarudi, akamtazama Mkunga vidole. Mchungaji alikuwa anatetemeka mpaka funguo zinalia mfukoni. Mkunga alijua watamfunga, na kwamba atakufa kwenye jela ya watu asioweza hata kuwasalimia. Lakini hiyo, alisema, haikuwa hofu kubwa. Hofu kubwa ilikuwa kwamba ameketi na mikono miwili juu ya magoti, mikono iliyomshika maiti wa uzazi, na hajui aiweke wapi.

"Nikaomba maji," alisema. "Neno hilo walikuwa wametufundisha kulisema. Wakaniletea ya kunywa. Wanatabasamu, wananipa gilasi."

Wakawaachia. Mwenyeji wao, mama mwema, alimpapasa mgongo njiani akamweleza kupitia mchungaji kwamba asihuzunike, hakuna aliyekufa. Mchoraji alimlipa msichana mzima alale pale ajifanye amekufa, ndivyo wanavyofanya kazi yao. Alidhani anamtuliza. Mkunga alishindwa kula siku hiyo. Kwake hilo lilikuwa baya kuliko yote, mtu aliye hai kulazwa kitanda cha waliofia uzazi na kufungua macho na kuambiwa usitikisike.

"Sasa ni mzima au ni maiti?" aliniuliza, kana kwamba mimi nitajua. "Na mpaka leo yupo. Hapa tunavyoongea amelala pale, macho wazi, wanampita."

Nilirudi nyumbani nikitembea upandeupande kwa woga wa kujikwaa. Ningependa kusema nilicheka, au niliona ni ushamba. Sikucheka. Usiku huo ndotoni nilimwona yule msichana, na midomo yake nilijua ni yangu.

Mchungaji alijitahidi. Alimtembelea mara nyingi, akamwambia ile ni rangi tu na kitambaa. Nilikuwepo, upande wangu wa minyaa, siku Mkunga alipomjibu. "Hata divai ni divai, Mchungaji. Mbona siku ya meza ya Bwana ikibaki huimwagi chini?" Mchungaji hakurudia hoja ile.

Msije mkadhani Mkunga alipenda kukaa hivyo. Alipanda milimani kwa wazee wa ukoo wake, kwa miguu, kuomba apangiwe muda, ukitimia anawe. Wazee walikaa. Wakauliza aliyekufa ni wa ukoo gani. Haijulikani. Jina lake? Hana. Alikufa lini? Labda hakufa. Amezikwa wapi? Hajazikwa, ametundikwa. Walikuwa wazee wenye busara, nao walijua muda wa kila kifo kilichowahi kutokea katika nchi yao, lakini hiki hawakukijua. Kuweka muda mfupi waliogopa, maana ukikosea anayelipa ni mwenye mimba mwingine. Wakamwambia asubiri mpaka watakapojua. Akashuka nayo hivyo hivyo, metimani isiyo na mwisho.

Uchungu ulinianza asubuhi, mvua ya masika haijakatika tangu juzi. Mume wangu alichukua baiskeli kwenda mjini kutafuta gari. Alikuta gari, akakosa petroli. Alikuta petroli kwa mtu, mtu akaogopa kuitoa kwa sababu ya msako wa wahujumu uchumi walioficha bidhaa, akidhani mume wangu ametumwa kumtega. Yote hayo niliyasikia baadaye. Mimi nilikuwa chumbani na Mama Safari, ambaye alikuwa na watoto saba na hakuwahi kumzalisha hata mbuzi.

"Mama Safari, usiniache," nilimwambia.

"Nitakwenda wapi na mvua hii," alisema, na meno yake yalikuwa yanagongana.

Mchana nilianza kusikia mambo hayaendi. Siwezi kulieleza vizuri. Maumivu yalikuja na kuondoka na kila kitu kikabaki palepale, na nikajua kwa uhakika kabisa kwamba nakufa. Nilitazama dirisha letu la mbao lililofungwa kwa ajili ya mvua, nikajiuliza nani atanifumba macho. Ndipo dirisha likagongwa.

"Fungua," sauti ilisema. "Fungua dirisha, mimi siingii."

Mama Safari akafungua. Mkunga alikuwa nje ya ukuta, gunia kichwani, maji yanamtiririka usoni.

"Mama Safari, nyoosha mikono." Akainama, pua yake ikafika karibu na kizingiti cha dirisha, akanusa kwa mbali. "Sawa. Vaa zile glovu. Wewe mwanangu, uoga uache hapo." Kisha akasita, kwa sababu neno lake lilimkwama. "Uache hapo," akarudia, "na mimi wangu nimeushika huku nje."

Alinizalisha kwa mdomo. Alimwambia Mama Safari aweke kiganja wapi na aeleze anachokisikia, kigumu au laini, kimeshuka au bado. Aliagiza nigeuzwe ubavu. Aliniamuru nipumue, akasikiliza, akasema, "Hapana, siyo hiyo, ya chini zaidi." Mvua ikizidi alipiga kelele, ikipungua alinong'ona. Kichwa kikatoka, na Mama Safari akalia, "Mkunga! Kitovu kiko shingoni!"

"Pitisha kidole. Kuna nafasi?"

"Ndogo."

"Usikate. Unanisikia? Usikivute. Kipandishe juu ya bega akiwa anatoka. Polepole. Mwanangu, usisukume. Usisukume! Sasa."

Akatoka. Kukawa kimya. Nilishaujua ukimya ule kutoka kwa mtoto wa kwanza, nikageuza uso nisimtazame mtu. Nikatazama dirisha. Hapo niliona vidole vya Mkunga vimeshika kizingiti, vyote vinane, na mkono mmoja ukaingia ndani mpaka kwenye kiwiko, ukaelekea kwa mtoto, wazi, tayari. Kisha ukarudi nje. Ukaingia tena. Ukarudi. Kazi ilikuwa inauvuta huku na hofu inauvuta kule, na mimi sikujua naombea nini, amguse au asimguse.

"Mfute pua," ilisema sauti, imekuwa nyembamba. "Msugue mgongo. Kwa nguvu, si yai. Mpulizie usoni. Tena. Tena, Mama Safari!"

Akalia. Tukamwita Neema. Nilipotazama dirishani tena, hakukuwa na mtu, ila gunia limeachwa chini kwenye tope.

Tangu siku hiyo akawa mkunga wa dirishani. Kwanza watu walicheka, baadaye wakazoea, na waliojenga nyumba mpya Nakwa waliweka dirisha la chumbani chini kidogo. Mama Safari alikuwa mikono, yeye akawa mdomo, na wajawazito walimkubali hivyo. Lakini hofu haikwisha. Mtoto akiugua surua walikumbuka picha. Mimba ikitoka waliuliza kama Mkunga alipita njia ile. Naye alijiuliza kabla yao. Nilimwona akisimama barabarani akimsubiri mwenye mimba apite, akiwa amebeba kuni nzito kichwani, wala haketi mpaka yule amepotea kwenye kona.

Neema alimpenda kuliko bibi zake wa kweli. Mkunga alimwekea karanga za kukaanga juu ya kisiki, akarudi nyuma, ndipo mtoto akaja kuchukua. Kwa Neema ule ulikuwa mchezo. Alimvizia amguse, na yule mwanamke mnene wa mabega alikimbia mbio za kweli kuzunguka nyumba, watu wanacheka, mtoto anacheka. Yeye hakuwa anacheka. Niliuona uso wake alipopita upande wangu, na nikamwita mwanangu nyumbani.

Miaka ilikwenda kama inavyokwenda. Sabuni ikarudi madukani, petroli ikarudi, barabara ya Nakwa ikajaa bodaboda. Neema akasoma, akaajiriwa Dodoma, akaolewa. Juzijuzi tu, mwaka ambao Mkunga aliacha kutoka nje kabisa, Neema alikuja likizo akasema, "Mama, twende kwa Bibi." Tukachukua bajaji kwa sababu Neema alikuwa na mimba na mimi goti langu ni baya. Moyoni sikutaka aende.

Tulimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, amepungua mpaka mabega yameisha. Macho yalikuwa na ukungu. Alisikia hatua, akajua.

"Mko wangapi?"

"Wawili, Mkunga. Ni mimi na Neema."

"Ana nini huyo? Anatembea kwa uzito."

Akaelewa, akajivuta ukutani. "Simama hapohapo," alisema, na nilisimama mlangoni nikashika fremu.

Neema hakusimama. Akachuchumaa kando ya kitanda. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Rudi nyuma, mama. Wale wazee wamekufa wote. Hakuna aliyebaki wa kuniambia muda umekwisha."

"Mimi nipo," Neema akasema. "Mimi ndiye niliyezaliwa pale dirishani. Nakwambia mimi. Umekwisha."

Akamshika mkono, akauinua, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Mkunga alikaza mwili wote, akasubiri, kama mtu aliyesikia kitu majini. Mimi ambaye nilikuwa nimesema miaka yote kwamba siamini, niliogopa kuliko siku ile ya mvua, na nilimtazama Neema tumboni nikisubiri lolote lile.

Halikutokea lolote. Kuku aliingia, akatoka. Taratibu vile vidole vikaanza kutembea. Vilipita kwenye paji la uso, vikapanda kwenye nywele, vikatafuta katikati ya kichwa pale panapopumua kwa mtoto mchanga, vikabonyeza kidogo na kusikiliza, kama vilivyofanya kwa kila mtoto wa Nakwa kabla ya huyu.

"Utosi umefunga," alisema. "Umefunga vizuri."

"Zamani sana, Bibi," Neema akasema, anacheka na machozi yanamtoka.

Mkunga akaishusha mikono, akaiweka miwili juu ya kifua, viganja vikitazama juu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Naomba maji."

Neema alinyanyuka haraka, akachukua kikombe mezani.

"Siyo ya kunywa," nikamwambia. "Lete beseni."